Jicho Moja Kwanza

11 Februari
Tangazo kwa wakazi wote wa Winnipeg, vitongoji vyake, na kila aliyeshiriki katika msako: glavu yangu ya kushoto, iliyotoweka tangu Krismasi, imepatikana ikiwa salama. Ilikuwa ndani ya friza, chini ya mfuko wa njegere. Namna ilivyofika huko haijulikani. Mwenye nyumba anaishi peke yake, kwa hiyo washukiwa si wengi. Glavu ya kulia imepokea habari hizo kwa utulivu.

Nje ni nyuzi hasi thelathini na moja. Gari limekohoa, limefikiri, kisha likakubali.

13 Februari
Nimeanza kuandika tena kwa sababu ya kazi hii mpya. Miaka yote ile redioni nilisoma bei za ngano na matokeo ya mashindano ya kusukuma mawe barafuni, mpaka redio ikafungwa na mimi nikabaki na sauti nzuri isiyo na wa kumwambia kitu. Sasa hospitali ya watoto imeniajiri nirekodi sauti za watu wengine. Mungu ana mzaha wake.

Utafiti ni wa Daktari Oleksyn. Watoto wadogo wanaopigwa mionzi kichwani hulazwa kwa nusukaputi kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki, maana hajazaliwa bado mtoto wa miaka minne atakayetulia kama gogo kwa kuombwa. Kulala si tabu. Tabu ni kuzinduka. Wengine huzinduka na vita: mateke, makelele, hata mama yake hamjui. Daktari anataka kujua kama sauti ya mzazi, ikiingizwa masikioni mtoto akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, itamtoa huko kwa amani.

Basi kila mtoto anavalishwa hedifoni. Nusu yao wanapewa sauti. Nusu nyingine hedifoni ni zilezile lakini ndani kimya, ili pawepo cha kulinganisha. Nani kapewa nini anajua mtu mmoja tu wa takwimu huko Ottawa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura. Mtoto akijitikisa kidogo, muuguzi anazivua haraka, ili hata mtoto mwenyewe asije kutusimulia.

Studio yangu ni stoo ya mashuka. Nimetundika makoti mazito ukutani ili sauti isirudi. Marivic, muuguzi wa chumba cha kuzindukia, alichungulia akasema, "Kaka Garnet, umefungua mtumba?"

16 Februari
Leo ni sikukuu lakini nimekuja, kwa sababu ya familia moja kutoka Gimli, kando ya ziwa. Mama anaitwa Ragna. Anavua samaki chini ya barafu kwa nyavu, kazi aliyoirithi kwa baba yake; ana mabega ya mtu anayefungua milango bila kujua kwamba ilikuwa imefungwa. Mume, Ingvar, anaendesha basi la shule, amechukua likizo. Mtoto wao ni Lilja, miaka minne, na kitu kichwani mwake ambacho kimeshakatwa kadiri kilivyokatika, na kilichobaki ndicho kinachofuatwa na mionzi.

Nilimpa Ragna karatasi yenye maneno. Akasoma kimoyomoyo, akanirudishia.

"Hivi ndivyo watu wa mjini mnavyowaamsha watoto? 'Matibabu yamekamilika, tafadhali fungua macho'? Mimi mwenyewe ningeendelea kulala."

"Unaweza kusema kwa maneno yako," nikamwambia. "Lakini lazima pawepo jina lake, na lazima useme 'Mama yuko hapa'. Hiyo ni kanuni. Kila mzazi anaisema."

"Na kama nimeenda chooni?"

"Sema uko hapa."

"Na kama niko ziwani?"

"Dada, hata kama uko mwezini. Sema uko hapa."

Akacheka, akavua kofia, akasogea kwenye kinasa sauti. Akasema kwa mkupuo mmoja, bila kurudia. Nayanakili kwa sababu tangu mchana hayajanitoka:

"Lilja. Birika limeamka. Mbwa ameamka. Baba yako ameamka, lakini usimwamini, yule hutembea amelala. Ziwa bado limelala, tuliache. Umebaki wewe. Usiharakishe. Jicho moja kwanza, la pili litafuata lenyewe. Mama yuko hapa, pembeni yako."

Ndivyo anavyomwamsha nyumbani kila siku, tangu mtoto alipozaliwa. Nilimkumbusha, kama ninavyotakiwa, kwamba huenda Lilja akapewa kimya.

"Atasikia," akasema.

"Hatuwezi kujua."

"Wewe umekatazwa kujua, bwana redio. Hujakatazwa kuamini."

17 Februari
Siku ya kwanza ya Lilja. Alizinduka kimya, akaomba biskuti. Marivic kaandika alama nzuri kabisa.

18 Februari
Biskuti tena.

20 Februari
Timu yangu ya kusukuma mawe barafuni imefungwa. Mimi ndiye niliyesukuma jiwe la mwisho. Sina la kuongeza.

24 Februari
Ragna hukaa na mtoto siku za kazi. Ijumaa jioni anarudi Gimli kutoa nyavu, na Ingvar anamshikia zamu. Wanapishana hapo kwenye mlango wa hospitali kama walinzi wa benki.

Leo kitanda cha pili kulikuwa na mvulana kutoka mji wa Brandon aliyezinduka akimng'ata Marivic. Lilja, upande wa pili wa pazia, alifungua jicho moja. Moja tu. Akatutazama kwalo, kisha akafungua la pili, akasema, "Birika."

Marivic akanitazama. Mimi nikamtazama Daktari. Daktari akatazama sakafu, maana haruhusiwi kutazama kitu kingine. Ragna alinipiga kofi la mgongo ambalo bado ninalisikia.

27 Februari
Biskuti. Nywele zimeanza kudondoka. Lilja anazihifadhi ndani ya mfuko wa koti la mamake, anasema ni zawadi ya mbwa, asione wivu kwamba ameachwa nyumbani.

4 Machi
Hasi kumi. Watu wametembea vifua wazi.

Ragna ameniletea samaki wawili, wamefungwa kwenye gazeti. "Usiwakaange kwa mafuta mengi. Na usiwaongeleshe, wewe unaongea sana."

Nimewaweka kwenye friza, mahali palipokuwa na glavu.

Nilimwona wiki ya kwanza nikadhani ni mwanamke mkali. Leo nilimkuta kwenye ngazi za dharura, amekaa peke yake na koti lile lenye nywele mapajani. Alisogea nikakaa. Hatukuongea, nadhani nilivunja rekodi yangu. Mwishowe akasema, "Wakimlaza, uso wake unaondoka. Umewahi kuona? Uso upo, yeye hayupo. Ile sauti ndiyo kamba niliyomfunga kiunoni. Kila siku ninavuta, anarudi."

9 Machi
Sifuri! Barafu za paa zinadondoka. Tumekula chakula cha mchana nje, kwenye benchi, mimi na Marivic na Daktari, tumegeuzia jua nyuso kama alizeti. Ragna alipita akatukuta.

"Mnafurahia nini?"

"Joto, dada!"

"Mjini joto ni sikukuu," akasema. "Kwetu ni maji juu ya barafu." Lakini alikaa, akala nusu ya sandwichi yangu.

11 Machi
Joto. Lilja kazinduka kimya.

12 Machi
Joto. Nimevaa viatu vya kawaida, nimeanguka, Marivic kashuhudia, kesho mji wote utajua.

13 Machi
Joto tena. Ragna ameondoka mapema kwenda kutoa nyavu za mwisho. Kila mtu kule anatoa zake wiki hii. Lilja alimwambia, "Usiliamshe ziwa." Akasema, "Nitatembea kwa vidole."

16 Machi
Sijui kuandika hili.

Jumamosi asubuhi gari lake la barafuni, la minyororo badala ya magurudumu, lilipita juu ya ufa uliofunikwa na theluji. Wavuvi wengine waliona taa zikiinama. Walimtoa Jumapili. Mvuvi wa kizazi cha pili, anayelijua lile ziwa kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Si uzembe. Theluji ilikuwa laini na ufa ulikuwa chini yake, basi.

Ingvar alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesema basi litachelewa.

Nilikuwa nimekaa juani kwenye benchi lile, nikipongeza hali ya hewa.

18 Machi
Mionzi haingoji mazishi. Siku mbili wamesamehewa, leo wamerudi. Ingvar alimwambia mtoto jana, bila kuzungukazunguka, kama alivyoshauriwa: mama amekufa, barafu ilivunjika.

Lilja akamjibu, "Lakini ziwa bado limelala."

Kabla ya kumlaza tulikutana kwenye korido, na hapo ndipo kila mmoja wetu alipogeuka kuwa mtu mwingine.

Marivic, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alisema, "Daktari, mimi simvalishi. Lile dude linamwambia mtoto mama yake yuko pembeni yake. Tumdanganye kila asubuhi?"

"Huenda halimwambii kitu," akasema Daktari Oleksyn. "Huenda ni kimya."

"Basi waulize Ottawa!"

"Nikiuliza, anatoka kwenye utafiti. Naweza kumtoa. Ni neno moja tu la baba yake." Daktari huyu nilikuwa nikimwita Bibi Takwimu nyuma ya mgongo wake. Leo hakutaja takwimu hata moja.

Mimi nikasema, na sikuombwa, "Ile sauti ndiyo inayomrudisha. Mmemwona wenyewe na birika. Mkiiondoa leo, leo ya leo, atarudi na nini?"

"Kaka Garnet," akasema Marivic, "wewe unaitetea rekodi yako."

Huenda ni kweli. Ni mimi niliyesema, hata kama uko mwezini.

Ingvar alikuwa amekaa, kofia magotini. Tulikuwa tumemsahau, sote wenye maoni.

"Nimepekua simu zetu usiku kucha," akasema. "Picha zote, video zote, ni yeye aliyekuwa anapiga. Hayumo. Kuna mahali anacheka nyuma, basi." Akaigeuza kofia. "Kwa hiyo hiyo ndiyo sauti yake iliyobaki. Na kama ni uongo, basi ni uongo alioutamka mwenyewe kwa mdomo wake. Mimi siwezi kumkatiza. Nani amewahi kumkatiza Ragna akiongea?"

Marivic akamvalisha mtoto hedifoni. Chumba kizima tulinyamaza. Hata mashine, naapa, zilipunguza sauti.

Lilja alizinduka kimya. Jicho moja, kisha la pili. Akatazama kiti alichokuwa akikaa mamake, akamwona babake. Akaomba biskuti.

19 Machi
Kimya. Biskuti.

20 Machi
Ingvar amepata mahali pake: anasimama karibu na kichwa cha kitanda, anainama kidogo, sikio moja likielekea hedifoni. Anatafuta kama kuna chochote kinachovuja. Zile hedifoni hazivujishi. Nilizichagua mimi kwa sababu hiyo.

23 Machi
Ingvar amenyoa ndevu. Anasema Ragna alikuwa akimsumbua anyoe. "Sasa akimwambia mtoto kwamba nimeamka, nisije nikamwaibisha."

24 Machi
Baridi imerudi. Hasi ishirini. Imechelewa.

26 Machi
Marivic aliyekuwa hataki ndiye sasa anayefukuza watu kwenye mlango. Leo fundi wa taa aliingia na ngazi yake akipiga mluzi. "Wewe! Mama mtu anaongea!" Fundi alitoka kinyumenyume akiomba radhi, bila kujua amemwomba nani.

Sijala wale samaki. Nafungua friza, nafunga.

30 Machi
Ingvar aliniuliza kama sauti huchakaa kwa kuchezwa sana, kama kanda za zamani. Nikamwambia hapana, za siku hizi hazichakai. Akasema si hivyo anavyouliza. Anauliza kama mtoto anaweza kuizoea mpaka isiwe mama tena, iwe kengele tu.

Nikasema sijui. Kwa mtu wa redio hilo ni jibu fupi mno.

1 Aprili
Leo Lilja amemaliza. Kuna kengele ukutani ambayo watoto hugonga siku ya mwisho. Aligonga mara moja, akasema ina kelele.

Ghorofani tayari kuna hadithi. Marivic ameisikia kwenye lifti kutoka kwa mtu asiyemjua: mtoto wa mvuvi alisikilizishwa sauti ya marehemu mama yake, akatabasamu, akasema "Mama ananipenda." Watu walilia mpaka ghorofa ya tano. Itafika magazetini wiki hii ikiwa imeota mabawa. Basi naandika hapa kilichotokea, maana nilikuwepo, na waliokuwepo tulikuwa wachache.

Ingvar aliomba rekodi aende nayo. Ilikuwa haki yake. Na kwa kuwa matibabu yamekwisha, Daktari aliruhusiwa kuuliza kuhusu mtoto mmoja. Akapiga simu Ottawa mbele yetu, kwenye ofisi yake. Akasikiliza. Akasema asante. Akaweka simu chini kwa mikono miwili kama kitu cha udongo.

"Ingvar," akasema, "Lilja alikuwa kwenye kundi la kimya."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilidhani sijasikia vizuri. Wiki zote hizi. Mlango tuliolinda, fundi tuliyemfukuza, mashine nilizoapa zimepunguza sauti. Na Ragna kwenye zile ngazi, akiniambia anavuta kamba. Hapakuwa na kitu masikioni mwa yule mtoto. Alirudi mwenyewe kila siku, mbele yetu, na sisi tukimpongeza mtu mwingine.

"Ile ya birika je?" akauliza Ingvar.

"Alikumbuka," akasema Daktari. "Ni mtoto anayeamshwa hivyo tangu kuzaliwa. Alikumbuka tu." Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake: "Samahani. Nilitaka sana iwe sauti."

Nilimngoja Ingvar avunje kitu. Badala yake alikaa akifikiri, kama anayepanga vituo vya basi, kisha akasema, "Kwa hiyo hajawahi kuisikia."

"Hajawahi."

"Kwa hiyo ni mpya."

Ingvar akaivaa kofia.

"Nilidhani tumeshaimaliza," akasema. "Mjomba Garnet, niwekee. Leo. Akiwa macho. Nikiifikisha nyumbani sitaweza, najijua."

Tukaenda stoo ya mashuka, sisi watatu, mimi na Ingvar na mtoto, na Marivic akasimama mlangoni. Lilja nilimkalisha kwenye kiti alichokalia mamake, kati ya makoti. Alikuwa na kofia ya sufu na vidole vyenye chembe za biskuti. Sikutumia hedifoni. Nilitumia spika ndogo ili sote tusikie. Ingvar alichuchumaa mbele yake akamwambia ni mama, kutoka zamani, kabla ya barafu. Hayupo humu ndani, ni sauti yake tu. Akasema, "Umeelewa?" Lilja akasema, "Ndiyo." Nami nadhani alielewa kadiri sisi tulivyoelewa.

Nikabonyeza.

"Lilja," akasema Ragna. "Birika limeamka."

Mtoto hakutabasamu. Hilo liandikwe. Alikaa wima, kama mtu aliyeitwa jina shuleni. Mbwa ameamka, baba ameamka, lakini usimwamini; hapo Ingvar alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko. Ziwa bado limelala, tuliache. Umebaki wewe.

Hapo Lilja alifumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, uso mzima umekunjamana, kwa sababu sauti ilikuwa inakaribia kumwambia ayafungue, na huwezi kufungua kilicho wazi.

"Usiharakishe. Jicho moja kwanza."

Akafungua moja.

"La pili litafuata lenyewe."

Likafuata.

"Mama yuko hapa, pembeni yako."

Akatazama pembeni. Palikuwa na koti langu la kahawia. Akatazama upande wa pili. Makoti. Spika ikanyamaza. Hakulia, hakusema kwamba anapendwa, hakusema lolote kati ya yale yanayosemwa kwenye lifti. Alitazama chini ya kiti, kwa utaratibu, kama mtu aliyeangusha kitu. Kisha akaniangalia mimi, mwenye mitambo, kwa uso wa mtoto aliyekosea na anataka kurekebisha kabla hajakemewa.

"Nimefungua haraka, Mjomba," akasema. "Rudisha."

Nikamtazama Ingvar. Alikuwa amegeuza uso kwenye makoti. Mkono wake mmoja ulinipa ishara, niendelee.

Nikarudisha. Lilja akafumba tena, safari hii kwa viganja vyote viwili, vidole vimebana vizuri ili chochote kisiponyoke.

"Lilja," akasema Ragna. "Birika limeamka."